Nchi Iliyoshukuru Hadi Maji Yakasimama

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana mimi nikishaanza sipendi kukatizwa. Nawasimulia habari za nchi ya Mtiririko, na za mwanamke mmoja wa nchi hiyo aitwaye Kazija, aliyetoka kwao Mkiani kwenda mji mkuu kudai maji, akaishia kushtakiwa mbele ya Baraza kwa kosa la kula pilau.

Nchi yenyewe imezungukwa na mfereji mmoja. Unaanzia kwenye chemchemi ya Kichwani, ndio mji mkuu, unapita Kiunoni, unafika Mkiani, kisha unazunguka na kurudi ulikotoka. Najua kuna atakayeniuliza maji yanapandaje mlima. Namjibu mapema: sijui, na wala sikuuliza. Huko maji yanapanda na wenyewe hawaoni ajabu. Nasi tuna mambo yetu mengi tusiyoyaulizia. Maji hayo wanayanywa, wanamwagilia mashamba, na zaidi ya yote wanapelekea habari. Mwenye neno la kumwambia mwenziwe huliandika kwenye jani, akalitia ndani ya kibuyu kidogo, akakichora alama ya nyumba kinakokwenda, akakiachia majini. Kibuyu huelea na mkondo mpaka kwa mwenyewe.

Zamani ruhusa ya kutia vibuyu ilikuwa ya watu wa Kichwani tu. Wa chini walipewa maji, habari wakanyimwa. Kisha serikali ikatangaza mpango wa Kibuyu kwa Kila Mlango, na kila nyumba hadi Mkiani ikajengewa ngazi yake ya kushukia majini. Siku hiyo ngoma zilikesha. Mama aliyekuwa hajui mwanawe yu wapi alijua, na mkulima aliyekuwa akilaghaiwa bei ya mpunga akaanza kuuliza bei mwenyewe. Lilikuwa jambo jema, na atakayesema halikuwa jema nitagombana naye hapa hapa.

Tatizo lilikuwa adabu. Watu wa Mtiririko wana adabu nyingi mno. Kwao, kibuyu hakiachwi bila kujibiwa: ukipata salamu, lazima ushukuru, na aliyeshukuriwa lazima ashukuru kwa kushukuriwa. Tena wanaamini kwamba anayeshukuru mwisho ndiye aliyelelewa vizuri, kwa hiyo hakuna anayekubali mwenziwe awe wa mwisho. Watu wawili waliosalimiana asubuhi ya Idi wanaweza kuwa bado wanashukuriana wakati wa mavuno. Na hapo sijataja vibuyu vya kutakiana asubuhi njema vinavyotumwa kwa mtaa mzima, vyenye ua ndani, na ua hilo likifika limeshanyauka.

Basi mwaka mmoja maji yakaanza kupungua Mkiani. Yakawa ya magotini, yakawa ya vifundoni, yakawa tope, kisha vumbi. Kazija alikuwa na kitalu cha mpunga, miche imesimama vizuri, inangoja kuhamishiwa shambani. Ndiyo iliyokuwa chakula cha nyumba yake kwa mwaka mzima, na majirani nao vitalu vyao vilikuwa katika hali ile ile. Ncha za majani zikaanza kugeuka manjano. Wazee wa Mkiani walishuka kila asubuhi kwenye ngazi zao kavu, wakakaa, wakasubiri kibuyu cha serikali cha kuwaeleza kwa nini vibuyu haviji.

Kazija aliwatazama wakikaa hivyo mpaka akachoka. "Jamani, mnangoja kiletwe na nini?" aliwauliza. "Na siafu?"

"Serikali ina utaratibu wake, binti yetu," walimjibu.

Akafunga kibwebwe, akaenda. Safari yenyewe sitaisimulia. Njia ni njia na miguu ni miguu. Nitasema tu kwamba alipopita Kiunoni, mawifi zake wanaokaa huko walimcheka wazi wazi. Lini tumesikia mwanamke wa Mkiani akaenda kuonana na Waziri? Kazija aliwaambia watasikia, akaendelea.

Kichwani alikuta mji uliojaa watu na usio na sauti. Alipiga hodi mlango wa kwanza, hakuna aliyeitika. Wa pili, vile vile. Kumbe hodi ya mdomo huko inahesabiwa ni utovu wa adabu. Mwenye shida na jirani anamtumia kibuyu, hata kama wametenganishwa na ukuta wa makuti. Aliona mtu na mkewe wamekaa kwenye ngazi moja, bega kwa bega. Mume akaandika, akatia majini; kibuyu kikasogea kidogo hadi mkononi mwa mke, mke akakifungua, akacheka, akaandika la kwake. Kazija alidhani ni mabubu, akawahurumia. Baadaye mume akakanyaga mwiba, akapiga yowe la kumfikia kila mtu mtaani.

Na vibuyu vyenyewe, lo! Vya Mkiani vilikuwa kama ngumi. Vya Kichwani vilikuwa vikubwa kama mitungi, vimechongwa, vimetiwa shanga, vingine vimefungwa njuga ili mpokeaji asikie habari kabla hajaiona. Nyumba nyingi zilikuwa na mabanda makubwa kuliko nyumba yenyewe, ya kuwekea kila kibuyu kilichowahi kupokelewa, maana kukitupa ni kumdharau aliyekituma. Watoto walilala uani kwa kukosa nafasi. Mfereji ulijaa kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yalionekana kwa tabu katikati ya vibuyu.

Kazija akajipeleka Wizara ya Mtiririko. Hapo palikuwa na karani wa kusikiliza watu, Bi Kidawa, mwanamke mpole mwenye miwani, ambaye kwa sababu ya kazi yake aliruhusiwa kusema kwa mdomo. Alimkaribisha Kazija kwa heshima na kumpa kiti.

"Nimetoka Mkiani, dada yangu," Kazija alisema. "Mfereji wetu umekauka. Nataka Waziri ajue."

"Pole sana. Malalamiko ya maji huletwa kwa kibuyu."

"Mfereji hauna maji. Kibuyu nikitie kwenye vumbi?"

Bi Kidawa alifikiri kwa moyo mweupe kabisa. "Basi kabla ya kulalamika, leteni taarifa kwamba hamwezi kuleta malalamiko."

"Kwa njia gani?"

"Kwa kibuyu."

Kazija alivuta pumzi. "Nina jani langu hapa. Nitie kibuyu changu majini, hapo nje ya dirisha lako, kimfikie Waziri."

"Kibuyu cha Mkiani lazima kitokee Mkiani, Bibi. La sivyo tutajuaje kuwa kweli umetoka huko?" Kisha akatabasamu kama mtu aliyekumbuka habari njema. "Lakini msiwe na wasiwasi. Waziri anawapenda sana watu wa Mkiani. Tangu kiangazi kianze hamjaleta lalamiko hata moja. Amewasifu hadharani kwamba ninyi ndio raia mliotosheka kuliko wote nchini."

Kazija alitoka pale akiwa na hasira ya kuuma meno. Alikuwa hajala tangu jana yake. Akaketi ukingoni mwa mfereji kupoza kichwa, na hapo ndipo kibuyu kikubwa kilichokatwa mfano wa sinia kilipokuja kikielea polepole, kimebeba pilau. Pilau ya nyama, bwana, yenye zabibu na vitunguu vya kukaangwa, na pembeni kachumbari. Kazija akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaosha mikono, akavuta sinia, akala.

Alikuwa anamalizia kachumbari askari wa mfereji alipotokea mbio na upondo wake mrefu wa kusukumia vibuyu. Aliitwa Machano, kijana mwenye sura ya upole, na macho yalikuwa yamemtoka pima.

"Bibi! Unakula habari!"

"Nakula pilau, mwanangu."

"Hiyo si ya kuliwa! Hiyo ni ya kutazamwa! Ni chakula cha mchana cha Mheshimiwa Waziri, kinapita kila nyumba watu waone amekula nini. Mtaa wa pili bado hawajaiona!"

"Na mtaa wa kwanza walioiona, wamefanya nini?"

"Wameshukuru," alisema Machano.

"Basi nami nashukuru," Kazija alisema, akapangusa mdomo. Akakamatwa.

Hapa niwaeleze jambo moja la ajabu kuhusu nchi ile. Mwenye shida hawezi kufika mbele ya Baraza bila kibuyu. Mwenye kosa anafikishwa hapo hapo, tena kwa kusindikizwa. Kazija alipolielewa hilo, alitembea mbele ya askari wake kwa mwendo wa mtu anayewahi harusi, na Machano ndiye aliyekuwa akimkimbilia nyuma.

Baraza lilikaa katika ukumbi uliojengwa juu ya mfereji, madirisha yakitazama majini. Waziri, Mheshimiwa Ussi, alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri na kanzu nyeupe pe. Alisoma mashtaka mwenyewe, kwa huzuni ya kweli.

"Bibi, umekula habari ya umma. Una la kujitetea?"

"Ilipungua chumvi, Mheshimiwa."

Mnong'ono ukapita ukumbini. Waziri akameza mate. "Kwa nini ulikula?"

"Nilikuwa na njaa. Na njaa hii ni salamu tu, yenyewe inakuja. Mkiani mfereji umekauka, miche inakufa kitaluni. Ikifa hatuna mpunga, na tusipokuwa na mpunga mtaona watu wengi wakila habari zenu."

Wajumbe walitazamana. Sitaki mfikirie kuwa walikuwa watu wabaya, hata kidogo. Habari ya Mkiani iliwashtua kweli, na mmoja alitokwa na machozi. Tena walikuwa wanajua kuwa mfereji una matatizo. Waziri mwenyewe alilalamika kwamba pilau yake ilichukua siku nzima kukata kona moja, na ilimfikia shemeji yake imechacha.

Mwanachuoni wa Baraza, Bwana Pandu, akasimama kutoa elimu. "Chanzo kinajulikana," alisema. "Mfereji ulikuwa mwepesi tulipokuwa wachache. Tangu tulipowafungulia watu wa chini, umejaa. Kila kibuyu kipya kinachukua nafasi. Hawa ndugu zetu hawana mazoea, hawajui kiasi. Napendekeza wafundishwe kiasi kwanza, na wakifaulu warudishiwe ngazi zao."

Mjumbe mwingine alitaka mfereji upanuliwe. Akakumbushwa kwamba umekwisha panuliwa mara nyingi, na kila ukipanuliwa watu hufanya sherehe, wakatumiana vibuyu vikubwa zaidi kupongezana kwa upana. Wa tatu alipendekeza kila mtu atie kibuyu kimoja tu kwa siku. Alizomewa vibaya hata akaomba radhi, na akaahidi kuiomba tena kwa kibuyu.

Kazija alisikiliza mpaka akashindwa. "Niruhusuni niseme," alisema, na hakungoja ruhusa. "Bwana Pandu, sisi Mkiani si malaika. Tulipofunguliwa tulifurahi, tukatuma na ya upuuzi, kwa sababu furaha ni furaha. Lakini mmetufungulia mlango leo, ninyi mmelala katikati ya mlango tangu enzi za babu zenu, kisha mnasema nyumba imejaa kwa sababu yetu! Njooni dirishani. Njooni mwangalie nini kinapita."

Wakaenda dirishani. Chini yao kilipita kibuyu chenye njuga cha kumpongeza mtu kwa kununua kibuyu chenye njuga. Kikafuata cha asante. Kikafuata cha asante kwa asante. Kisha sufuria nzima ya biriani, yenye alama ya nyumba ya Bwana Pandu, imeandikwa ubavuni: Tazameni na mimi.

Bwana Pandu akaanza kusafisha miwani. Waziri alikaa kitako, akashika tama, kisha akasema, "Bibi huyu ana haki. Tumekosea." Akamfutia shtaka la pilau. Akapitisha azimio kwamba kuanzia siku hiyo kila mtu apunguze, wa juu kabla ya wa chini, na kibuyu kisicho na haja kisitumwe. Wajumbe wote wakaliunga mkono, na Kazija akapiga kigelegele ambacho ukumbi ule haukuwahi kukisikia.

Laiti wangeishia hapo! Azimio likishapita lazima watu walijue. Na nchi ya Mtiririko inajua njia moja tu ya kumjulisha mtu jambo.

"Mheshimiwa," Kazija alisema alipoona makarani wanapanga vibuyu, "pigeni mbiu. Mtume mtu mwenye sauti apite mitaani."

Waziri alicheka kwa upole. "Serikali haipayuki barabarani, Bibi. Kila nyumba itapata kibuyu chake cha kuiomba ipunguze vibuyu. Na kwa kuwa jambo ni zito, kiwe kikubwa."

Vikatiwa majini vikubwa, vyenye nembo ya serikali, kimoja kwa kila nyumba ya nchi. Watu wa Kichwani walivipokea, wakasoma, wakakubaliana navyo kwa moyo wote. Wakaona serikali yao ina busara. Na kama watu waliolelewa vizuri, kila nyumba ikaandika kumshukuru Waziri kwa kuwaomba wapunguze. Wizara nayo, isiyotaka kuonekana haina adabu, ikamshukuru kila aliyeshukuru. Na wao wakashukuru.

Mfereji ukasimama. Simaanishi ulipunguza mwendo, ulisimama. Chini kidogo ya mji kuna lango la mawe wanaloliita Shingoni, na pale asante zote zilikutana, zikabanana, zikajenga ukuta. Nyuma ya ukuta maji yakaanza kupanda. Yakaingia mitaani, yakaingia kwenye yale mabanda ya vibuyu vya zamani, navyo vikaelea vikatoka kujiunga na wenzao. Ukumbi wa Baraza uliingia maji, wajumbe wakapanda juu ya meza, na Bwana Pandu akaandika kibuyu cha kuomba msaada. Akakishika mkononi akitafuta pa kukitia, na hapakuwa na nafasi hata ya kutia yai.

Watu wote wa mji walisimama kwenye ngazi zao, maji magotini, wakingoja kuambiwa wafanye nini. Ndipo Kazija alipoogopa kwa mara ya kwanza. Maji yaliyokuwa yakimlowesha pale ndiyo yale yale miche yake iliyokuwa ikiyangoja, na yaliyokuwa yakipotea barabarani kila dakika hayangefika Mkiani kamwe.

Akakimbia hadi Shingoni, akaingia majini na nguo zake, akaanza kuchomoa vibuyu na kuvitupa ukingoni. Hakuvisoma, wala hakutazama alama. Watu wakakusanyika, wakaziba midomo kwa mikono. Kumtolea mtu kibuyu chake bila kufunguliwa! Bora ungemtemea mate. Machano akaja na upondo wake, akasimama juu yake, asijue la kufanya.

"Bibi," alisema hatimaye, "humo mna kibuyu changu."

"Kina nini?"

"Namshukuru Waziri kwa tangazo."

"Waziri asipokipata atakufa?"

Machano akalifikiria swali kwa makini, kwa sababu hakuwa amewahi kuulizwa. "Hapana," alisema. "Atakuwa na vingine."

"Basi shuka ukitoe mwenyewe. Adabu yako sitaki kuigusa mimi."

Akashuka. Alikitafuta, akakipata, akakitazama kidogo kama anayeaga, akakirusha nchi kavu. Hapo jirani yake akaona aibu kubaki juu, akashuka naye. Akafuata wa tatu. Punde Shingoni pakawa pamejaa watu wenye nguo zilizolowa, kila mmoja akichomoa cha kwake, na kwa kuwa mikono yote ilikuwa na kazi, ikawalazimu kusemezana kwa midomo. "Kumbe una sauti nzito hivi!" mwanamke mmoja alimwambia mtu aliyeishi naye ukuta kwa ukuta tangu utoto. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha ukuta wa vibuyu ukalegea, ukapiga kelele, ukaachia, na maji yakashuka kwa kishindo kuelekea Kiunoni.

Waziri alikuja akikamua kanzu. Alikuwa amesisimka sana. Alisema lango litaitwa kwa jina la Kazija, na kwamba usiku huo huo kila nyumba ya nchi itapelekewa kibuyu chenye sura yake, ili taifa zima limshukuru.

"Mheshimiwa," Kazija alisema, na sauti yake ilikuwa ya kusihi kabisa, "nakuomba kwa jina la Mungu, usinishukuru."

Hakungoja jibu. Akaanza kushuka kando ya mfereji, sambamba na maji.

Alipofika Kiunoni alikuta watu wamejipanga ukingoni, kila mtu kakumbatia vibuyu vilivyokaa nyumbani tangu mkondo ulipoharibika. Mawifi zake walikuwa mbele.

"Subirini kwanza," Kazija aliwaambia. "Yapite yafike chini."

"Kwa amri ya nani?" waliuliza. Walikuwa na haki ya kuuliza.

"Hakuna amri. Mbele yenu kuna watu, basi."

Wengine waliweka vibuyu vyao chini. Wengine walingoja ageuze mgongo, naye akasikia chubwi, chubwi, nyuma yake. Sitawadanganya kwamba nchi nzima ilitengenea siku moja. Lakini waliosubiri walikuwa wengi kuliko wasiosubiri, na maji yakaendelea kushuka.

Huku akitembea, Kazija alikuwa na lake moyoni. Mawifi hawakusema neno kuhusu safari yake, hawakumwomba radhi kwa kumcheka. Akapumzika njiani, akachuma jani, akaandika: Mliuliza lini. Lini yenyewe ndiyo hii. Akalitia kwenye kibuyu alichookota, akakichora alama ya nyumba yao. Alikibeba kwapani njia nzima, na kila alipokikumbuka alitabasamu.

Maji yalifika Mkiani membamba, ya kufunika vidole tu, lakini yalifika. Vitalu vya upande wa juu vilikuwa vimekwisha, vimekauka kabisa. Vya chini bado vilikuwa na uhai, na cha Kazija kilikuwa chini. Akatoa machozi pale pale, hakujificha. Kilichobaki kilikuwa kuyageuza maji yote yaingie vitaluni kabla ya jua kuwa kali.

Lakini watu wake walikuwa wameshasikia mlio wa maji. Walikuja mbio kutoka kila nyumba, wazee kwa watoto, mikono imejaa. Salamu za majuma, asante za majuma, maua yaliyonyauka. Walikuwa wamekatwa na nchi muda wote ule, na nani angewalaumu? Mfereji ulikuwa na upana wa kupitisha vibuyu hivyo au kupitisha maji ya kutosha. Si vyote viwili. Kazija aliyelikaripia Baraza zima akasimama mbele ya majirani zake, asithubutu kuwakaripia.

Wa kwanza kufika majini alikuwa Bi Time, mjane aliyekuwa jirani yake wa nyumbani. Kitalu chake kilikuwa kimojawapo cha vile vya juu vilivyokufa. Alishika kibuyu kidogo kwa mikono miwili.

"Mama," Kazija alimuuliza, "hicho kina nini?"

"Namuuliza mwanangu kama yu mzima," alisema Bi Time. "Mara ya mwisho aliniambia ana homa. Kisha maji yakakatika."

Kazija akakipokea kile kibuyu, akainama, akakiweka juu ya maji kwa mikono yake mwenyewe, katikati, mahali penye kina. Kikatikisika kidogo, kikashika njia. Wote walikitazama mpaka kikapita kona.

Kisha akatoa cha kwake kwapani. Akaitazama alama aliyoichora vizuri sana, kwa kujipinda. Akakiweka chini juu ya tuta, akakunja kanga, akachukua jembe, akaingia kitaluni kuyafungulia maji.

Nyuma yake alisikia kibuyu kimoja kikiwekwa chini, halafu kingine, halafu vingi kwa pamoja, na miguu ya watu ikiingia tope kumfuata.